Meli ya Kiasi

Siku hizi neno "jadi" linauzwa kama manukato. Fungua kijitabu cha wakala yeyote wa safari za baharini kule Uingereza au Ujerumani, utalikuta humo. Meli ya jadi, ukubwa wa kati, abiria wasiozidi elfu moja na mia tano, sitaha ya mbao unayoweza kuizunguka yote kwa miguu, maktaba, chai ya saa kumi, piano jioni. Picha inaonyesha mzee na mkewe wameegemea ukingo, jua linazama. Bei iko chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani.

Vijitabu vitatu vya namna hiyo viko mezani kwangu. Vimetoka kwa binamu yangu anayeendesha basi Uingereza. Amedunduliza miaka minne, na sasa anataka kumpeleka mama yake, yaani shangazi yangu, matembezi ya siku kumi na mbili, kutoka Southampton mpaka Norway na kurudi. Katika ukoo wetu mimi ndiye mwenye ugonjwa wa meli, ndo maana swali likaja kwangu: "Mwanakwetu, tuchukue ipi?" Ningeweza kumjibu kwa kutazama picha tu. Nikaona hapana, pesa ya miaka minne si ya kujibiwa hivyo. Nikarudi kwenye historia, na huko nikakuta mambo ambayo hayamo vijitabuni.

Jambo la kwanza: meli tunazoziita za jadi hazikujengwa kwa ajili ya likizo. Zilijengwa kwa kazi. Na nyingine kati ya hizo, ndugu msomaji, kazi yake ilikuwa hapa hapa kwetu.

Kampuni ya British India ilianzishwa na Mskoti, William Mackinnon, mwaka 1856, kwa kubeba barua kati ya Calcutta na Burma. Mwaka 1872 ikapata mkataba wa kupeleka barua kutoka Aden hadi Zanzibar. Mackinnon huyo huyo ndiye aliyekuja kuwa kinara wa kampuni iliyopewa hati mwaka 1888 ya kutawala nchi ambayo leo ni Kenya na Uganda. Unaona mambo yalivyokwenda? Kwanza meli ya barua, halafu hati ya kutawala. Wajerumani nao mwaka 1890 wakaanzisha Deutsche Ost-Afrika Linie ya Hamburg kwa sababu hiyo hiyo. Koloni bila meli lilikuwa ramani tu.

Sasa tusogee mpaka mwanzo wa miaka ya 1950. British India ilijenga huko Glasgow meli mbili pacha za kutoka London kuja Afrika Mashariki kupitia Suez. Ya kwanza iliitwa Kenya, ikaanza kazi 1951. Ya pili iliitwa Uganda, ikaanza 1952. Wakati huo nchi zenye majina hayo zilikuwa bado mikononi mwa Waingereza, lakini majina yalikwisha kupakwa ubavuni mwa meli, yanazunguka dunia.

Nataka tuikazie macho hii Uganda, maana maisha yake yanaeleza karibu kila kitu. Urefu wake ulikuwa mita 164 na nusu hivi, uzito wa tani 14,430, abiria wapatao 300. Kwa nini si 3,000? Kwa nini si meli ya mita 300, na teknolojia ilikuwepo? Queen Mary, iliyoanza safari 1936, ilikuwa na urefu wa mita 310. Jibu liko bandarini. Uganda ilitakiwa kupita mfereji wa Suez, kisha Aden, Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam, Beira. Anayeujua mlango wa bandari ya Dar, pale pantoni la Kigamboni linapokatiza, anajua ulivyo mwembamba. Zanzibar meli ilitia nanga nje na watu wakashushwa kwa mashua. Gati za kina kirefu za Dar zenyewe zilifunguliwa 1956 tu. Halafu nusu ya riziki ya meli ilikuwa mizigo, kwa hiyo sehemu kubwa ya tumbo lake ilikuwa ya katani, kahawa, pamba na shehena nyingine, wala si ya vyumba vya kulala. Ukubwa ule wa kati unaosifiwa leo kuwa ni "ustaarabu" ulipimwa na kina cha maji yetu na wingi wa magunia yetu. Hakuna msanii aliyekaa akaubuni.

Na sitaha pana ya kutembea ilitokana na urefu wa safari. London mpaka Mombasa ilikuwa wiki tatu hivi, na bila kiyoyozi cha kutosha mtu alihitaji kivuli, upepo na mahali pa kunyosha miguu. Maktaba ilikuwepo kwa sababu wiki tatu ni nyingi. Kila kinachomvutia leo mstaafu wa Southampton kilikuwa na sababu yake ya kikazi.

Lakini tusiimbe sifa tukasahau ngazi. Abiria wa Uganda waligawanywa: wale wa daraja la kwanza, 167, walikaa katikati na juu, mahali meli inapotikisika kidogo zaidi na masizi hayafiki, wale wa daraja la kitalii, 133, walikaa nyuma. Wengi wa hao wa juu walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni, wanakwenda likizo kwao au wanarudi kututawala. Katika chumba cha kuvutia sigara zilisimamishwa pembe mbili kubwa za ndovu, zawadi ya Kabaka wa Buganda. Watumishi wa mezani walikuwa Wagoa, na mabaharia wa sitaha Wahindi chini ya serahangi wao. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na meli za kwenda Bombay, Karanja na Kampala, ambamo mamia ya watu walisafiri dekini na mikeka na masufuria yao, wengine kuja kufungua maduka ambayo hadi leo tunanunua humo vitenge na misumari. Hizo nazo ni meli za jadi. Kijitabu hakizitaji. Jadi inayouzwa ni ya ngazi za juu peke yake.

Upande wetu ulikuwa gatini na tumboni mwa meli. Babu yangu, baba yake shangazi, alikuwa kuli bandarini Dar es Salaam. Alianza kwenye matishari, akaishia kupakia mizigo ndani ya meli zenyewe. Alikuwepo mgomo wa 1947, ule ulioanzia bandarini ukasambaa kufuata njia ya reli mpaka bara, na baada yake makuli wakapata chama chao, Abdulwahid Sykes akiwa katibu. Mwaka uliofuata, 1948, makuli wa Zanzibar nao waligoma, na mji mzima ukasimama. Nalisema hili kwa sababu watu hupenda kusimulia meli za zamani kana kwamba zilijipakia zenyewe. Kwa hesabu ya miaka, babu lazima aliwahi kushuka ndani ya Uganda, na si mara moja. Alilijua tumbo lake, kizani, pamoja na vumbi la katani. Chumba cha sigara na pembe za Kabaka hakuwahi kukiona. Njia ya kuli ilikuwa kwenye mlango wa shehena. Ngazi ya abiria ilikuwa na mtu wa kuilinda.

Halafu ikaja ndege. Mwaka 1958 ndege za jeti zilianza kubeba abiria kuvuka Atlantiki, na haikupita miaka mingi hata ofisa wa Nairobi akawa analala usiku mmoja angani na kuamkia London. Nani tena atake wiki tatu? Uhuru nao ukaja, maofisa wenyewe wakafungasha. Juni 1967 mfereji wa Suez ukafungwa kwa vita, haukufunguliwa tena hadi Juni 1975. Meli Kenya ilikatwa vyuma Italia mwaka 1969, ikiwa na umri wa miaka kumi na minane tu, umri wa kijana anayemaliza sekondari.

Uganda iliponea chupuchupu. Iliondolewa kwenye njia yetu 1967, ikapelekwa Hamburg, ikageuzwa kuwa meli ya matembezi ya wanafunzi. Na hapa ndipo niliposoma nikacheka peke yangu chumbani. Yale matumbo ya mizigo yalifanywa mabweni. Vitanda vya ghorofa, madarasa, ukumbi. Mamia ya watoto wa shule wa Kiingereza wakalala pale pale babu alipokuwa akipanga magunia, wakaenda nayo Mediteranea na Skandinavia kujifunza jiografia. Juu yao, katika kabini za zamani, walikaa abiria wa kawaida wapatao mia tatu wanaolipa zaidi, na chumba cha sigara kilikuwa kile kile na pembe zake. Wakaipenda sana. Mpaka leo kuna watu wazima Uingereza wanaoizungumzia kama tunavyozungumzia sisi shule zetu za bweni, pamoja na mateso ya bahari chafu.

Aprili 1982 ikiwa katika safari kama hizo, serikali ya Uingereza iliihitaji kwa vita vya visiwa vya Falkland. Wanafunzi waliteremshwa Naples, meli ikakimbizwa Gibraltar, na kwa siku tatu hivi ikageuzwa hospitali: ikapakwa rangi nyeupe na misalaba myekundu, ikaundiwa uwanja wa helikopta upande wa nyuma. Majeruhi 730 walitibiwa ndani yake, na 150 kati yao walikuwa Waajentina. Baada ya vita ilirudi kidogo kwenye matembezi, kisha ikakodishwa tena kupeleka askari na vifaa Falkland mpaka 1985. Mwaka 1986 ikauzwa kwa wakata vyuma wa Taiwan, ikabadilishwa jina kuwa Triton. Hata kukatwa haikukubali kirahisi. Agosti mwaka huo kimbunga Wayne kiliing'oa nje ya Kaohsiung, kikaitupa ufukweni ikalala ubavu, na mabaki yake yakabaki pale kwa miaka.

Barua, maofisa, katani, wanafunzi, majeruhi. Chombo kimoja, na kila kazi iliingia kwa sababu kilikuwa cha kiasi: kikubwa cha kuhimili bahari kuu, kidogo cha kuingia popote.

Uganda haikuwa peke yake. Meli nyingi zilizofutwa kazi na ndege ziligeuzwa za starehe namna ile, na baadhi zilirudi pwani yetu kwa sura mpya. Miaka ya 1990 Mombasa ilikuwa na meli yake ya watalii, Royal Star, iliyojengwa Trieste mwaka 1956 kwa jina la San Giorgio. Ilibeba watu mia mbili na ushei tu, ikawapeleka Zanzibar na visiwa vya Bahari ya Hindi. Novemba 2005 maharamia waliishambulia meli nyingine ndogo ya anasa, Seabourn Spirit, karibu na Somalia ikiwa njiani kwenda Mombasa, na kwa miaka kadhaa baada ya hapo meli za matembezi zilitupita mbali.

Ila mapenzi ya vitu vya zamani yasitupofushe. Kuna Oceanos. Ilijengwa Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikiitwa Jean Laborde, ikaenda Madagascar na Mauritius miaka mingi. Ukiiona pichani ni nzuri hasa, ya kati, ya jadi kwelikweli. Agosti 1991 ikiwa meli ya matembezi ilizama katika pwani ya Afrika Kusini. Maji yaliingia kupitia chumba cha mashine, na kuta zilizotakiwa kuyazuia zilikuwa na upenyo. Nahodha na baadhi ya mabaharia waliondoka mapema. Waliobaki kuwapanga watu na kuita msaada kwa redio walikuwa wapiga muziki wa meli. Watu wote 571 waliokolewa, baadhi yao kwa helikopta. Msifu mpiga gitaa, sawa, lakini meli unayoitegemea kwa sababu mpiga gitaa wake ni shujaa, hiyo si ya kumpandisha shangazi.

Ndiyo maana sikusikitika sana nilipojua kwamba tarehe 1 Oktoba 2010 sheria za kimataifa za usalama baharini zilizifungia njia meli kongwe zilizojaa mbao na vitu vinavyoshika moto. Zile paneli za mninga na mvule tunazozililia pichani ni kuni. Meli nyingi zikaenda kukatwa Alang, India. Chache zilizotengenezwa upya zikaendelea. Marco Polo, iliyozaliwa 1965 Ujerumani Mashariki kwa jina la Aleksandr Pushkin, ilibeba watu mpaka 2020. Korona ikaifilisi kampuni yake, na mwaka 2021 nayo ikapandishwa ufukweni Alang.

Kwa hiyo, anayekuambia leo anakuuzia meli ya jadi anakuuzia meli ya kisasa yenye mwendo wa zamani. Hilo si kosa. Swali ni lipi lililobakizwa. Shaba na kapeti nyekundu ni rahisi, hata hoteli ya barabarani inaweza kuziweka. Vya kutafuta ni vile vilivyoachwa na kazi: kiasi, sitaha ya kuzunguka, uwezo wa kuingia bandari ndogo.

Kiasi ndicho kigumu zaidi, maana biashara inakimbilia kwingine. Icon of the Seas, iliyoanza Januari 2024, ina tani 248,663 na ikijaa kabisa hubeba abiria 7,600. Si mchezo. Huo ni mji, una mabomba ya kuteleza na bustani, na mtu anaweza kukaa humo wiki nzima asiione bahari. Nia ndiyo hiyo, pesa ibaki ndani. Wapeleke watu 7,600 kwa asubuhi moja katika vichochoro vya Mji Mkongwe uone kama kuna atakayeweza kugeuka. Wataliano wamekwisha kuchoka: tangu Agosti 2021 meli inayozidi tani 25,000, au urefu wa mita 180, au kimo cha mita 35, hairuhusiwi kupita mbele ya uwanja wa San Marco huko Venice. Nikachukua kalamu nikaweka vipimo vya Uganda. Tani na urefu, imepita.

Nilimwandikia binamu kwamba katika vijitabu vyake vitatu, kimoja akitupe. Ni cha meli-mji. Viwili vilivyobaki, kimojawapo kina meli za Fred. Olsen zinazoitwa Bolette na Borealis. Zilijengwa Italia, moja 2000 na nyingine 1997, kwa majina ya Amsterdam na Rotterdam, zikanunuliwa 2020. Zina tani sitini na kitu elfu, abiria kama 1,400, na sitaha ya kuzunguka ipo, si ya kuchorwa. Venice ya katikati haziingii, lakini mito ya bahari ya Norway ni mirefu na ina kina, hazitakosa nafasi. Kwa leo huo ndio ukubwa wa kati. Nikamwambia aanzie hapo.

Halafu nikamuuliza maswali ambayo hakuyatarajia. Bandari zote tano za ratiba, meli inafunga gatini au inatia nanga nje watu washushwe kwa mashua? Goti la kushoto la shangazi halipendi kuruka kutoka chombo hadi chombo. Kabini iko wapi? Walioijenga Uganda walijua walichofanya walipowaweka wakubwa katikati: meli inacheza kama mbea, katikati hutulia na ncha hupanda na kushuka. Siku hizi hakuna daraja la kwanza la kukufukuza, kwa hiyo chukua katikati, sitaha ya chini yenye dirisha, ambako bei ni nafuu kuliko roshani ya juu na mtikisiko ni mdogo. Usikae chini ya ukumbi wa dansi. Na nani atamtandikia kitanda? Zamani walikuwa Wagoa, leo wengi ni Wafilipino, Wahindi na Waindonesia, chini ya bendera ya Bahamas au Panama. Tangu Agosti 2013 kuna mkataba wa kimataifa unaoweka saa za mapumziko na haki za baharia, lakini mkataba ni karatasi. Mtoto wa ukoo wa makuli asione haya kumuuliza wakala bakshishi inamfikia nani.

Binamu alijibu kwamba wakala alishangaa, hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hilo la mwisho. Alikwenda kuuliza ofisini. Wamechukua kabini ya katikati, sitaha ya chini, vitanda viwili.

Shangazi mwenyewe nilimpigia simu Temeke jioni ile. Nilimweleza habari za Uganda, mabweni tumboni, hospitali, kimbunga, akasikiliza yote kwa adabu. Kisha akaniuliza kama kwenye hiyo meli yao ngazi ya kuingilia ina mahali pa kushikia pande zote mbili. Nikamwambia ninavyojua mimi ipo. Akasema niulize tena, niwe na hakika.